Nani aliweka kipimajoto kwenye korona ya Jua? Uzi wa jotoridi la vitanzi vya plazma

#1 Mtazamajua

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa sola kuna mdau aliuliza, "Hao wanaosema juu ya Jua kuna digrii milioni, nani alikwenda kupima?" Matani yakaanza, kisha watu wakarudi kwenye bei za betri. Mimi naona swali lile lilikuwa na akili kuliko majibu yake, kwa hiyo nalifungulia uzi. Nitajikita kwenye kitu kimoja tu: vitanzi vya plazma, yale matao yanayong'aa kwenye picha za setilaiti, yanayochomoza sehemu moja ya uso wa Jua na kutua nyingine. Ndiyo yanayobishaniwa zaidi.

Kwanza hali ilivyo. Uso wa Jua tunaouona una kama kelvini 5,800 (kelvini ni digrii za wanasayansi). Ungetegemea kwamba ukipanda juu yake joto lishuke, lakini linapaa. Korona, yaani anga ya nje ya Jua, ina milioni 1 hadi 2, na juu ya maeneo yenye madoa kuna vitanzi vya milioni 3 na 4. Ukitokea mlipuko, namba inaruka hadi milioni 10 au 20. Gesi yenye joto hilo imeshavuliwa elektroni zake, ndiyo plazma hiyo, na kwa kuwa ina chaji haikatizi uga wa sumaku ovyo. Inateleza kufuata mistari ya sumaku. Fungu la mistari hiyo likijaa plazma kuliko majirani zake, linang'aa, nasi tunaona kitanzi. Vingi vina urefu wa makumi ya maelfu ya kilomita, vingine mamia ya maelfu.

Hakuna kipimajoto kilichowahi kuingia humo. Kinachopimwa ni mwanga, na habari yenyewe inaanzia jimbo la Iowa, Marekani, tarehe 7 Agosti 1869. Siku hiyo Jua lilipatwa lote, na Charles Young na William Harkness, kila mmoja kwenye kituo chake, wakauchambua mwanga wa korona rangi kwa rangi na kuona ndani yake mstari mmoja wa kijani, urefu wa wimbi nanomita 530.3. Haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana. Watu wakabuni elementi mpya, wakaiita koroniamu, ikakaa vitabuni karibu miaka sabini. Ndipo Mjerumani Walter Grotrian mwaka 1939, na Mswidi Bengt Edlén miaka michache iliyofuata, wakaonyesha kwamba mistari ya namna ile inatoka kwenye chuma. Chuma hiki hiki cha nondo, ila kile cha mstari wa kijani kimepoteza elektroni 13 kati ya 26 zake.

Kipimajoto kilizaliwa hapo. Elektroni ya kwanza ya chuma inang'oka kwa urahisi. Ya 13 inataka kipigo cha mamia ya elektroni-volti (kipimo cha nishati ya chembe), na vipigo vya nguvu hiyo vinakuwa vingi vya kutosha pale tu gesi inapokuwa na digrii karibu milioni 2. Ikipungua sana, chuma hakijavuliwa kiasi hicho. Ikizidi sana, kimeshavuliwa zaidi ya hapo na ule mstari unafifia. Kila hatua ya kuvuliwa ina ukanda wake wa joto.

Nitaendelea. Maswali ruksa.

#2 FundiMota

Mkuu umeandika vizuri ila mimi bado. Mtu kaona rangi ya kijani kasema milioni mbili, sisi tuitikie amina? Na kama kweli ni milioni, kile chombo cha Wamarekani kilichopita huko mbona hakikuyeyuka?

#3 TichaWaZamu

Fundi, la kuyeyuka nakujibu mimi maana wanafunzi wangu wananiuliza hivyo hivyo kila mwaka.

Jotoridi linakwambia chembe moja moja inakimbia kwa kasi gani. Kuungua ni jambo la jumla ya nishati inayokufikia, na hiyo inategemea chembe ziko ngapi. Hewa unayovuta sasa hivi ina molekuli kama 25,000,000,000,000,000,000 kwenye sentimita moja ya ujazo (sifuri kumi na nane, hesabu mwenyewe). Kitanzi kinachong'aa vizuri kina elektroni bilioni 1 hadi bilioni kadhaa kwenye nafasi hiyo hiyo. Yaani hewa yako imesongamana mara bilioni kadhaa kuliko plazma ile. Hizo chembe zina hasira lakini ni chache mno.

Chombo unachokisema, Parker Solar Probe, kilipita kilomita milioni 6.1 kutoka kwenye uso wa Jua tarehe 24 Desemba 2024. Ngao yake ya kaboni imetengenezwa kuhimili kama digrii 1,400 za Selsiasi. Kinachoipasha ni mwanga wa ule uso wa kelvini 5,800, korona yenyewe mchango wake ni mdogo. Halafu tuelewane: Parker haijaingia kwenye vitanzi anavyovizungumzia mleta uzi. Vyenyewe viko chini kabisa, karibu na uso. Huko hakuna chombo kitakachokwenda.

#4 Mtazamajua

Ahsante Ticha, umenipunguzia kazi.

Fundi, hoja ya amina. Mwaka 1946 Joseph Pawsey kule Australia alilisikiliza Jua kwa antena za redio, urefu wa wimbi mita 1.5. Nguvu aliyoipata ililingana na kitu chenye digrii karibu milioni 1. Mawimbi hayo hayatoki usoni, yanatoka kwenye korona, na hayana habari na chuma wala rangi ya kijani. Yanategemea elektroni tu. Njia mbili zisizojuana zimefika mlango mmoja, kwa hiyo milioni yenyewe haina ubishi tena.

Ubishi unaanza ukinyoosha kidole kwenye kitanzi kimoja na kuuliza: hiki hapa kina ngapi? Na je, kina jotoridi moja?

#5 Loki254

Nimeweka kambi hapa. Maswali mawili. Moja, kwa nini chuma? Jua si ni haidrojeni na heli tupu? Mbili, niliona kupatwa kwa jua kule Turkana Novemba 2013, zile sekunde chache za giza, na korona ilikuwa nyeupe. Huo ukijani uko wapi?

#6 BintiMakunduchi

Na mimi naongezea kwa Loki. Septemba 2016 tulikwenda Rujewa kuangalia Jua likipatwa, safari yote ile na vumbi la barabarani, tukaona pete nzuri kweli lakini korona hatukuiona. Mwongozaji alisema tutaiona. Alitudanganya?

#7 Mtazamajua

BintiMakunduchi, pale Rujewa Mwezi ulikuwa mbali kidogo, haukuziba Jua lote. Korona ina mwanga hafifu kuliko uso wa Jua kwa karibu mara milioni, kwa hiyo hata pete nyembamba kiasi kile inaimeza yote. Mwongozaji wenu sijui alisoma wapi.

Loki, weupe ulioona Turkana ni mwanga wa uso wa Jua uliotawanywa na elektroni za korona. Mstari wa kijani umo ndani yake lakini unahitaji kichujio chembamba kuutenga. Hadi leo wako wanaofanya hivyo: Shadia Habbal wa Chuo Kikuu cha Hawaii na timu yake huzunguka dunia kufuata kupatwa kwa jua wakiwa na vichujio vya chuma kilichovuliwa elektroni 10 na kile cha 13, wanalinganisha picha za aina hizo na kupata ramani ya joto.

Kwa nini chuma: haidrojeni ina elektroni moja tu. Kwenye digrii milioni karibu yote imeshaipoteza, na kiini kitupu hakitoi mstari wowote. Chuma kipo kidogo sana, chembe moja kwa makumi ya maelfu ya haidrojeni, lakini kina elektroni 26, kwa hiyo hata kikivuliwa 8 au 15 bado kina za kutosha kutoa mistari. Na mistari yake mingi yenye nguvu iko kwenye urujuanimno wa mbali, ambao hewa yetu inaumeza wote. Ndiyo maana kazi hii ilihamia angani.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Setilaiti ya SDO ya NASA, inayolitazama Jua, ilirushwa tarehe 11 Februari 2010, na ndani yake kuna darubini nne ziitwazo kwa pamoja AIA. Kila sekunde 12 zinatoa picha za Jua zima za pikseli 4096 kwa 4096, kwenye chaneli kadhaa. Chaneli zinaitwa kwa urefu wa wimbi, kwa anstromu (sehemu ya kumi ya nanomita). Ile ya 171 inapenda plazma ya laki 6 hadi 8. Ya 193 inapenda milioni 1.5, ya 211 milioni 2, ya 335 kama milioni 2.5, ya 94 milioni 6 hadi 7. Zile rangi za dhahabu na zambarau mnazoziona mitandaoni wamezipaka wenyewe ili chaneli zitofautiane, macho yetu hayaoni mwanga huo kabisa.

Njia rahisi ya kupata jotoridi: chukua mng'ao wa kitanzi kwenye 193, gawanya kwa mng'ao wake kwenye 171. Uwiano ukiwa mkubwa, plazma ni ya moto zaidi. Unakwenda kwenye jedwali la mwitikio wa chaneli, yaani kila chaneli inaitikiaje kila joto, unasoma jotoridi. Dakika tano umemaliza.

Tatizo ni kwamba njia hiyo haikosi jibu. Mpe pikseli yoyote, itakupa namba.

Angalieni kwa karibu. Korona inapitisha mwanga kama hewa, kwa hiyo mwanga wa kila kilichoko mbele na nyuma ya kitanzi unajumlishwa kwenye pikseli ile ile. Ukikata mstari kukatiza kitanzi na kuchora mng'ao wake, huoni mlima uliosimama peke yake. Unaona mteremko mrefu wenye kinundu kidogo juu yake. Kitanzi ni kile kinundu. Tuseme (namba za mfano) kwenye 171 kilele kina 900 na pembeni 650. Kwenye 193 kilele kina 1,500 na pembeni 1,350. Ukigawanya vilele, 1,500 kwa 900, unapata 1.67. Ukitoa mandharinyuma kwanza, yaani ule mwanga wa pembeni usio wa kitanzi, kitanzi kina 250 kwenye 171 na 150 kwenye 193. Uwiano ni 0.6. Hiyo ni plazma nyingine kabisa, baridi kuliko ile ya kwanza! Sasa mwenzako akasema pembeni ya 193 yeye anasoma 1,300 kwa sababu kachagua upande wa pili wa kitanzi. Yeye anapata 200 kwa 250, yaani 0.8.

Picha zile zile, setilaiti ile ile, majibu matatu.

#8 FundiMota

Sasa hapo si ndiyo nilichosema? Kila mtu anapata anachotaka.

#9 TichaWaZamu

Fundi, kupata majibu tofauti na kupata unachotaka ni vitu viwili. Ngoja amalize.

#10 Mtazamajua

Fundi hajakosea sana, hili limewahi kuwagonganisha watu wazito.

Mwaka 1998 Marekani walirusha TRACE, darubini iliyotoa picha za vitanzi kwa ukali ambao haukuwahi kuonekana. Dawn Lenz na wenzake wakapima vitanzi kwa uwiano wa 195 kwa 171, matokeo yakatoka 1999: jotoridi halibadiliki kwa maana yoyote kutoka mguuni hadi kileleni. Markus Aschwanden naye akapata vitanzi vingi vya namna hiyo, vyote vikizungukazunguka milioni 1 na kidogo. Ikawa habari kubwa, kwa sababu kitanzi kilichotulia na kupashwa joto sawasawa kingetakiwa kuwa na moto zaidi kileleni. Nadharia mpya zikaanza kuandikwa.

Akaja Joan Schmelz mwaka 2001. Yeye hakutumia vichujio, alitumia spektra (mwanga uliotenganishwa mstari kwa mstari) kutoka CDS, chombo kilichokuwa kwenye setilaiti ya SOHO, chenye mistari mingi ya elementi mbalimbali. Kwenye kitanzi alichokipima hakukuwa na jotoridi moja lililoweza kueleza mistari yote. Ilibidi uweke plazma ya joto tofauti tofauti pamoja, pale pale. Mwaka uliofuata Piet Martens, Jonathan Cirtain na Schmelz mwenyewe wakaonyesha kwa hesabu jambo ambalo mimi nadhani ndilo kiini cha habari nzima: ukichukua plazma yenye mchanganyiko mpana wa joto ukaipitisha kwenye vichujio viwili vyembamba, uwiano unakupa namba karibu ile ile popote utakapopima. Kitanzi kizima kinaonekana kina joto moja. Ule usawa uliokuwa habari kubwa ungeweza kuwa tabia ya vichujio.

Lakini haikuishia hapo. Giulio Del Zanna na Helen Mason, 2003, wakachukua data za CDS na TRACE pamoja, wakatoa mandharinyuma kwa uangalifu, wakapata vitanzi ambavyo kweli vinakaribia kuwa na joto moja. Kwa maoni yao sehemu ya ule mchanganyiko ilikuwa inatoka nyuma na mbele ya kitanzi. Malumbano ya kambi hizi yaliendelea miaka. Leo wengi wanakubali kwamba vipo vya aina zote mbili, na vingi viko katikati: mtawanyiko upo, ila si mpana kama korona nzima.

Kuna kisa kingine nakipenda zaidi, kinahusu kitanzi kimoja tu. Setilaiti ya Japani, Yohkoh, ilikipiga picha za eksirei miaka ya tisini. Mwaka 1998 Eric Priest na wenzake wakaandika kwenye jarida la Nature: jotoridi linavyopanda kutoka mguuni hadi kileleni linaonyesha nishati inamwagwa sawasawa kitanzi kizima. Mwaka 2001 Aschwanden akakirudia kitanzi hicho hicho, akatenganisha tabaka mbili za plazma, akasema nishati inaingia miguuni. Mwaka 2002 Fabio Reale akakirudia tena, akashughulika na mandharinyuma kwa namna yake, akapata modeli inayokubali nishati kileleni. Kila mahali panapowezekana kitanzi kupashwa joto pameshatajwa! Reale mwenyewe alionya kwamba kushughulikia mandharinyuma ni jambo zito, namheshimu kwa hilo.

Sababu ya kutoelewana huko iko kwenye fizikia. Ticha, hapa ni mpitisho wa joto. Kwenye plazma mpitisho unakua kwa jotoridi lililopandishwa kipeo cha 5/2. Ukiongeza joto maradufu, mpitisho unaongezeka mara 5.7. Popote utakapomwaga nishati, joto linakimbia kando ya mistari ya sumaku na kusawazishwa. Tofauti inayobaki kati ya kupasha miguu na kupasha kilele ni ndogo, na unaitafuta ndani ya data ambayo zaidi ya nusu ya mwanga wake si wa kitanzi.

#11 Loki254

Hapo nimekuelewa. Lakini mbona mtumie chaneli mbili pekee wakati AIA ina sita za chuma? Si zote zikiungana zitatoa halijoto kamili?

#12 Mtazamajua

Ndivyo inavyofanyika sasa, Loki. Badala ya kuuliza "jotoridi ni ngapi" unauliza "kuna kiasi gani cha plazma kwenye kila joto". Unapata mchoro, mlalo ni joto, wima ni kiasi. Kiasi hicho kinahesabiwa kwa mraba wa densiti (msongamano wa chembe), maana mwanga huu unatokana na elektroni kugongana na ioni, yaani atomu zilizovuliwa: densiti ikizidi mara mbili, mng'ao unazidi mara nne. Iain Hannah na Eduard Kontar walitoa programu ya kazi hiyo mwaka 2012, Mark Cheung na wenzake wakatoa nyingine 2015. Zote ni bure.

Ila chaneli sita kutafuta mchoro mzima ni data kidogo kwa swali kubwa. Michoro mingi tofauti inaweza kutoa mng'ao ule ule. Na chaneli zenyewe si safi. Ile ya 131 inaitikia joto la aina mbili, laki 4 na milioni 10, ikiwaka hujui ni lipi mpaka uangalie jirani zake. Ya 94 inayosifiwa kwa milioni 7 ina mstari wa chuma cha milioni 1 ndani yake. Harry Warren na wenzake mwaka 2012 waliweka utaratibu wa kukadiria huo mchango wa baridi kutoka chaneli nyingine na kuutoa, na ndipo vitanzi vya moto kweli vinajitokeza katikati ya maeneo ya madoa. Tena kamera zinachakaa. Chaneli ya 335 na ya 304 zimepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake tangu 2010, NASA hurusha roketi ndogo zenye vipimo vipya ili kurekebisha. Ukichukua picha ya mwaka huu bila marekebisho hayo, uwiano wako ni takataka.

Hapo ndipo spektromita ya EIS kwenye setilaiti ya Hinode (2006, Japani na washirika) inapozidi. Inatenganisha mistari mmoja mmoja, chuma cha hatua nyingi, na kuna jozi za mistari zinazotoa densiti moja kwa moja bila kubahatisha unene wa kitanzi. Gharama yake ni mwendo. Inapitisha ufa mwembamba juu ya eneo, na wakati inamaliza kitanzi kimeshabadilika.

#13 NyotaYaKusini

Salaam kutoka Ujerumani. Nimekuwa msomaji tu ila hapa nimeguswa.

Mleta uzi, unapima joto la kitanzi kana kwamba una hakika kipo. Anna Malanushenko na wenzake walichapisha mwaka 2022 kazi iliyowasumbua wengi. Walichukua Jua la kwenye kompyuta, wakatengeneza picha zake kama AIA ingeliona, wakapata vitanzi vizuri kabisa. Walipofungua ndani kutafuta mabomba ya plazma yanayolingana na vitanzi hivyo, mengi hayakuwepo. Kulikuwa na mapazia ya plazma yenye maumbo ya ajabu, na pale pazia lilipojikunja kuelekea kwa mtazamaji palionekana mstari mwembamba unaong'aa. Tundika chandarua dirishani mchana uone: kitambaa ni kimoja, lakini kwenye mikunjo unaona mistari.

Kama ni hivyo, kutoa mandharinyuma hakuna maana. Hicho unachokiita mandharinyuma ndiyo kitu chenyewe.

#14 FundiMota

😂😂 Aisee huu uzi umenoga. Kwanza joto halijulikani, sasa na kitanzi chenyewe hakipo.

#15 Mtazamajua

NyotaYaKusini, karibu, hiyo ni pingamizi ya haki na nilitamani mtu ailete.

Kwanza Malanushenko hakusema vyote ni mikunjo, hata kwenye Jua lake la kompyuta mabomba mengine yalikuwepo. Swali ni ngapi, na jotoridi linaweza kusaidia kujibu.

Angalia kupoa. Nicholeen Viall na James Klimchuk mwaka 2012 walichukua saa nyingi za AIA juu ya eneo moja lenye madoa, wakafuatilia mng'ao wa pikseli kwenye kila chaneli. Ile ya 335 inawaka kwanza, ikifuatiwa na 211, kisha 193, kisha 171. Mpangilio unashuka kwa joto: plazma ilipashwa ghafla, sasa inapoa, na inapopoa inapita kwenye dirisha la kila chaneli kwa zamu. Fungua video za chaneli hizo pembeni kwa pembeni utaliona kwa macho kwenye vitanzi vya ukingoni mwa Jua, kitanzi kinazimika kwenye chaneli moja na kuwaka kwenye nyingine baada ya dakika kadhaa hadi makumi ya dakika. Kwa kitanzi kinachofanya hivyo urefu wake wote, kutoka mguu hadi mguu, mimi napata shida kukubali kwamba ni mkunjo tu wa pazia. Mkunjo ni suala la pembe ya kutazamia. Kupoa ni suala la plazma.

Pili, kuna suala la urefu. Plazma iliyotulia yenye digrii milioni 1 inatakiwa ipungue haraka kadiri unavyopanda, kila kilomita 50,000 kanieneo linashuka hadi kama theluthi. Vitanzi vingi vya milioni 1 vinang'aa juu sana kuliko hesabu hiyo inavyoruhusu, na densiti yake ni kubwa kuliko ya kitanzi kilichotulia. Vilevile vinadumu kuliko muda wa kupoa. Picha inayoingia akilini mwa wengi ni kwamba kitanzi kimoja ni fungu la nyuzinyuzi, kila moja inapashwa na kupoa kwa wakati wake. Eugene Parker, yule ambaye chombo kimeitwa jina lake, alipendekeza mwaka 1988 kwamba sumaku inasokotwa na mwendo wa uso wa Jua mpaka inakatika na kuungana upya kwa vilipuko vidogo vidogo. Nyuzinyuzi za joto tofauti ndani ya fungu moja ndicho kitu ambacho wazo lake lingetoa. Wapo wanaopendelea mawimbi ya sumaku, na hawajashindwa.

Kuzihesabu ni shughuli nyingine. Pikseli moja ya AIA ni kilomita 435 za Jua. Roketi yenye darubini ya Hi-C ilirushwa kutoka White Sands, New Mexico, tarehe 11 Julai 2012, ikatazama dakika tano tu kisha ikarudi chini, ikiwa na ukali mara kadhaa zaidi ya AIA. Baadhi ya vitanzi viligawanyika kuwa nyuzi za kilomita mamia machache. Vingine vilibaki laini vile vile, kama vina nyuzi ndani basi ni nyembamba zaidi ya hapo.

#16 NyotaYaKusini

Hoja ya kupoa naikubali kwa vitanzi vya ukingoni vilivyojitenga. Kwa vile vya katikati ya diski, vilivyorundikana, sikubali. Hata pazia linaweza kupoa kwa zamu, kipande kwa kipande.

#17 Mtazamajua

Vya katikati ya diski hata mimi sivipimi. Hapo tumekubaliana.

#18 MswahiliMaskati

Nawasoma kutoka huku Omani. Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa lote Luxor na Jeddah, zaidi ya dakika sita Luxor, huku kwetu nusunusu tu. Natafuta tiketi ya Jeddah. Naweza kuona vitanzi kwa macho?

#19 TichaWaZamu

Vitanzi vya chini utaviona kwa shida, hata kwa kamera nzuri. Utaona korona yenyewe, mikia mirefu myeupe, na huenda ndimi nyekundu ukingoni, zile ni gesi ya baridi ya digrii elfu kadhaa hadi elfu kumi. Miwani maalumu usivue mpaka Jua lizibwe lote, na uvae tena kabla halijarudi. Safari njema.

#20 BintiMakunduchi

Na mimi nisiye na tiketi ya Jeddah? Naweza kuzipata hizo data kwa laptop ya kawaida au ni za wakubwa tu?

#21 Mtazamajua

Ni za wote, dada. Anza na Helioviewer kwenye kivinjari, haitaki kusakinisha chochote. Chagua tarehe, weka chaneli ya 171, tafuta kitanzi kwenye ukingo wa Jua chenye anga nyeusi nyuma yake. Kisha badilisha kwenda 193 na 211 uone kama bado kipo.

Ukitaka namba halisi, zile picha za Helioviewer hazifai, zimebanwa na kung'arishwa kwa ajili ya macho. Jisajili kwa barua pepe kwenye hifadhi ya JSOC ya Chuo Kikuu cha Stanford, halafu tumia SunPy, kifurushi cha data za Jua cha lugha ya programu ya Python. Usipakue Jua zima, bando litaisha kabla hujafika popote, omba kipande cha eneo lako tu, wanakata. Kurekebisha uchakavu wa kamera kuna kifurushi cha aiapy. Mwitikio wa chaneli unatokana na CHIANTI, hifadhi ya data za atomu, nayo bure.

#22 Loki254

Mimi nimeshaanza juzi 😅. Kitanzi cha ukingo wa mashariki, 193 kwa 171, nimerekebisha kamera, nimetoa mandharinyuma. Napata milioni 1.3 kileleni na 1.2 karibu na mguu.

#23 Mtazamajua

Mandharinyuma umeitoa upande gani?

#24 Loki254

Upande wa nje, ule wenye giza.

#25 Mtazamajua

Rudia na upande wa ndani, kisha wastani wa pande zote mbili, uweke namba zote tatu hapa. Karibu na mguu ndipo patakapokutesa, pale chini chaneli ya 171 imejaa vichaka vya plazma ambavyo si vya kitanzi chako. Halafu ongeza 211. Kama kitanzi kinaonekana humo kwa umbo na upana ule ule, hiyo 1.3 yako ina wenzake wa joto zaidi ndani ya fungu hilo hilo, na uwiano wa chaneli mbili hauwezi kukuonyesha.

#26 FundiMota

Loki ukimaliza weka na picha. Nataka niione hiyo 1.3 ikigeuka.